Upande wa Kushoto wa Gauni

Fundi cherehani hahitaji mpelelezi wala mmbea. Nguo ikivaliwa miezi mitatu ikarudi mezani kwake, inamweleza kila kitu: nani kanenepa halafu anasingizia maji ya moto ya kufulia, nani anashinda magotini akisugua sakafu za watu, nani anakaa kutwa barazani huku akisema yuko mbioni kutafuta kazi. Kwa hiyo Jumatatu ile jioni, Fundi alipochukua gauni la shule la bintiye ili alishushe pindo, akaona kitambaa cha ubavu wa kushoto, kuanzia kiunoni hadi chini ya nyonga, kimelika mpaka kinapitisha mwanga, hakuuliza mtu. Alilipeleka dirishani akalitazama vizuri. Upande wa kulia ulikuwa mzima kabisa.

Akapiga hesabu za kifundi. Haukuwa mkongojo. Binti alitembelea mkongojo kwa sababu mguu wake wa kulia haukuwa na nguvu tangu alipougua utotoni, lakini mkongojo wenyewe aliushika kulia, na kwapa la kulia lilikwisha kutiwa kiraka zamani. Haukuwa mkoba, maana mkoba aliubeba mgongoni. Dawati nalo lingekula nyuma. Kilichokula kitambaa kile kilikuwa kitu kinachokaa karibu sana, kinachosogea kidogo kidogo, kila siku, kwa muda mrefu. Na kitu cha namna hiyo, kwa uzoefu wake, huwa kina miguu miwili na kinavaa suruali.

Bibi, mama yake Fundi, alikuwa kitandani akifumua mishono ya nguo za wateja, kazi aliyojipa mwenyewe ili asiitwe mzigo. Aliliomba gauni, akalipapasa pale palipolika, akacheka peke yake. Mapenzi ni kikohozi, alisema, hayafichiki. Na kama hayakutokea kooni yatatokea kwenye nguo. Fundi hakucheka. Bintiye, ambaye Bibi alimbandika jina la Chiriku kwa kuwa alianza kuimba kabla hajajua kusema, alikuwa na miaka kumi na saba, na Jumamosi ile watahini wa chuo cha muziki walikuwa wanakuja shuleni kwao kumsikiliza akipiga kinanda. Nafasi ya kusomeshwa bure ilikuwa moja, na waliokuwa wakiitaka walikuwa wengi. Fundi aliwahi kuwashonea magauni mapana wasichana wenye miguu miwili mizima waliokosa nafasi zao kwa sababu ya jambo dogo kuliko ubavu uliolika.

Kesho yake, masomo yalipokwisha, akaenda shuleni, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni.

Kinanda cha shule kilikuwa cha zamani, cha kukanyaga. Ndani yake mna mifuko ya hewa. Anayepiga sharti akanyage pedeli mbili chini, mguu huu na huu, ndipo vibao vitoe sauti. Asipokanyaga, kinanda ni kabati tu. Fundi alikifahamu kwa kusikia, ila hata siku moja hakujiuliza bintiye mwenye mguu mmoja wa kutegemea alikuwa anakikanyaga vipi. Sasa alipata jibu. Kwenye benchi fupi la mtu mmoja walikaa wawili. Chiriku amekunja miguu yake kulia, mikono iko kwenye vibao. Kushoto kwake, ubavu kwa ubavu, amekaa kijana mrefu aliyejipinda kama ufunguo uliolazimishwa, miguu yake yote miwili kaipenyeza chini ya kinanda, juu ya pedeli. Wanafunzi wenzake walimwita Mapafu.

Mapafu alimwona wa kwanza. Akasimama, akaweka mikono nyuma.

"Shikamoo, mama."

Fundi aliiacha ile shikamoo ikining'inia. Watoto wa kwaya, kama thelathini hivi, waliokuwa wakipanga viti, waliviacha wakageuka. Mwalimu wa muziki alikuja mbio, akaanza kueleza kwamba hakuna ubaya wowote, kwamba ni kazi tu, kwamba bila kijana huyu kinanda hakilii. Fundi hakuwa na haja ya maelezo. Alimtazama Mapafu toka juu hadi chini, jicho la fundi likasimama pale lilipozoea kusimama: suruali imechanika goti la kulia, kiatu kimelika kisigino. Akasema maneno ambayo baadaye angetoa cherehani yake kuyarudisha.

"Huyu si mtu wa nyumbani kwangu. Hata suruali nzima hana, anataka kukalia benchi moja na mwanangu."

Kuna mtoto mmoja alicheka, akazibwa mdomo na mwenzake. Mapafu alichukua daftari lake juu ya kinanda, akatembea hadi mlangoni kwa utulivu wa mtu aliyebeba maji yasimwagike. Chiriku hakugeuza kichwa. Alikuwa akivitazama vibao.

Mwalimu, maskini, alikuwa na lake. Akatoa fomu ya chuo. Mtahiniwa mwenye ulemavu aliruhusiwa msaidizi, lakini sharti awe mtu wa familia, kwa kuwa zamani watu walikuwa wakikodi wapigaji hodari na kuwaita wasaidizi. Alikuwa akijiuliza amwandike vipi yule kijana, labda binamu, alisema huku akiangalia dari. Fundi akaona Mungu kamsaidia. Akaomba kalamu.

"Miaka ishirini nakanyaga cherehani, mwalimu. Mguu ni mguu."

Akajiandika yeye.

Jumatano mguu wake ukamwaibisha.

Si kwamba haukuwa na nguvu. Nguvu ilizidi. Alikanyaga kama mwenye oda ya sare mia, na kinanda kikanguruma mwanzo hadi mwisho, pa upole na pa ukali pote sawa. Mwalimu akamwomba apunguze. Akapunguza, kinanda kikaanza kukoroma. Kibaya zaidi kilikuwa mwisho wa kila mstari. Chiriku akimaliza mstari huinua mikono kidogo kabla ya kuanza mwingine, na kila alipoiinua, mguu wa Fundi ulisimama. Ndivyo ulivyofundishwa: mshono ukiisha, mguu unakaa, mkono unakata uzi. Hewa ikaisha tumboni mwa kinanda, na mstari uliofuata ukaanza kwa kikohozi. Watoto wa kwaya waliuma midomo. Mwanamke aliyewashonea sare nusu yao akatoa leso akajifuta jasho mbele yao.

Alhamisi akaja na chaki yake ya kitambaa. Alichora alama kwenye ubao wa kinanda, mstari mnene pa kukanyaga sana, nukta pa kukanyaga polepole, vile anavyochora mikunjo na matundu ya vifungo. Mambo yakaharibika zaidi, kwa sababu alipokuwa akisoma alama, muziki ulikwisha kupita.

"Unakanyaga vizuri, mama," Chiriku alimwambia walipokuwa wakirudi, mkongojo ukigonga lami. "Tutazoea."

Fundi aliifahamu sauti ile. Ndiyo aliyotumia yeye mwenyewe kwa mteja aliyeng'ang'ania gauni dogo: limekukaa, dada, litajivuta tu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba inauma hivyo ukiwa upande wa mteja.

Jioni hiyo, kabla taa hazijawashwa, Chiriku alikaa kwenye meza ya kukatia, akafanya alivyofanya kila siku: akapiga wimbo wake wote kwenye ukingo wa meza, vidole vitupu juu ya mbao, bila sauti. Fundi alikuwa akitia uzi kwenye sindano. Miaka yote aliona vidole tu. Leo alitazama bega. Bega la kushoto la binti lilipanda kidogo kabla ya kila mstari, likashuka mstari ulipoanza. Alilitazama mara tatu, nne, na kila mara alichelewa.

"Yeye alikuwa anafanyaje?" aliuliza.

Chiriku hakujifanya hajaelewa.

"Hasomi noti, mama. Bega langu likipanda anajua. Anasema analisikia kwenye mkono wake kabla mimi mwenyewe sijaamua. Ndiyo maana tunakaa karibu. Mwanzo tulikaa mbali, kinanda kikawa kinakohoa."

"Kama kwangu."

"Kama kwako."

Bibi alikohoa kitandani, kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua. Fundi akaweka sindano chini.

"Unampenda?"

"Nampenda, mama."

"Na yeye?"

Binti alifikiri. Alikuwa mkweli hata pale uongo ungemfaa, na hilo Fundi alimlea nalo mwenyewe, hakuwa na wa kumlaumu.

"Hajasema. Anakanyaga tu."

Mwaka mzima, Chiriku alieleza, kila siku baada ya masomo, Mapafu alikanyaga saa mbili. Kwaya ilipokwenda kucheza mpira yeye alikanyaga. Alipokuwa na homa alikuja na sweta akakanyaga. Sifa zote zilikwenda kwa anayepiga. Aliyekanyaga alipewa jina la utani. Na baada ya kufukuzwa mbele ya watu, aliposikia mama ndiye atakayekanyaga, alimtumia Chiriku ujumbe kwa mtoto wa kwaya: mwambie mama ukurasa wa pili asikimbie. Chiriku hakuufikisha. Alijua mama yake angeuchukua kama tusi.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, lakini hawakusema ukishajikwaa ulimi unafunga bandeji wapi.

Baba yake Mapafu alikuwa fundi baiskeli, na karakana yake ilikuwa hapo wazi kando ya barabara, haina ukuta wala pembe ya kujificha. Ijumaa asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Fundi alimkuta ameipindua baiskeli magurudumu juu, wateja watatu wamekaa kwenye ubao wakisubiri. Alimsalimu, akaomba wasogee pembeni wazungumze. Mzee akazungusha gurudumu, akalitazama kama limenyooka.

"Zungumza tu hapa, fundi mwenzangu. Mwanangu ulimsema mbele ya watu thelathini. Mimi hapa wateja nina watatu, nimekupunguzia."

Wale watatu wakajiweka vizuri. Fundi akabaki amesimama mbele yao. Akaeleza, kwa sauti ambayo mwenyewe aliiona ndogo, kwamba kesho ni mtihani, kwamba alijaribu akashindwa, kwamba anamwomba kijana. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu si pampu ya baiskeli, mama. Pampu ndiyo watu huja kuiazima hapa, wakishajaza upepo wao wanaitupa. Yeye ana moyo. Jumanne alirudi hapa hakula. Ukimchukua kesho, Jumapili utamwita nani?"

Swali lilikuwa la haki. Fundi angeweza kuahidi chochote. Watu wenye shida huahidi. Badala yake akauliza ile suruali iko wapi. Mzee hakuelewa, lakini Mapafu, aliyekuwa nyuma akiosha mnyororo kwa mafuta ya taa, alielewa. Alivuka barabara hadi nyumbani kwao, akarudi nayo. Akasimama mbele yake, mikono nyuma, kama Jumanne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilikukosea."

Akakaa kwenye ule ubao, kati ya wateja, akatoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake. Mkono wake ulijua kazi kuliko ulimi wake. Alipoigeuza suruali aliona mchaniko haukuwa wa kuanguka wala wa ulegevu. Nyuzi zilikuwa zimesagika polepole, kwa mstari mmoja wa kulala, pale goti lilipogusa ubao wa kinanda kila mguu ulipoinuka. Mwaka mzima wa kusugua. Alikuwa ameisoma nguo ile Jumanne na kuisoma kinyume, yeye aliyejisifu hakosei. Akatia kiraka cha mikunjo miwili, mshono mdogo mdogo, wateja wakimtazama, na mtu wa baiskeli ya kwanza akasahau hata kuuliza baiskeli yake.

"Ningekuja hata usingeniita," Mapafu alisema taratibu. "Ningekaa dirishani nisikilize. Ila kwa dirishani miguu haifiki."

Baba yake akarudi kwenye gurudumu. Alisema tu kwamba wakimaliza kesho, kijana arudi ameshiba.

Jumamosi watahini walikuwa wawili: bwana mmoja mwenye upara aliyechoka na safari, na mama mmoja wa miwani aliyeshika mafaili. Kwaya nzima ilikuja na kujipanga ukutani. Mama wa miwani alisoma fomu, akatazama benchi, akasoma tena. Hapa msaidizi aliyeandikwa ni mzazi, alisema. Huyu kijana ni nani?

Mwalimu alitazama dari. Chiriku alishika ukingo wa kinanda kwa mikono miwili, vidole vikamkakamaa. Kama msaidizi angekataliwa, mtihani ungeishia hapo hapo. Chuo kisingerudi mwaka mwingine kwa ajili ya msichana mmoja. Fundi alijua kwamba neno binamu lingepita bila shida. Lilikuwa neno dogo, na hakuna ambaye angekwenda kuuliza ukoo. Lakini watoto wale wale thelathini walikuwa ukutani, na walisikia la Jumanne. Akaenda mbele.

"Ni mtu wa nyumbani kwangu."

"Ndugu yake?"

"Hapana, si ndugu. Nisikudanganye, mama. Lakini ni wa nyumbani, na mwenye nyumba ni mimi. Futa jina langu, andika hivyo, nitatia sahihi."

Mama wa miwani alimtazama juu ya miwani. Kanuni ilisema familia, alisema, kwa sababu wanataka kuwa na hakika kwamba msaidizi hakukodiwa. Fundi akamjibu kwamba kwa hilo aliangalie goti la kijana. Mtu wa kukodi hasagi suruali mwaka mzima. Bwana mwenye upara aliinamisha kichwa akalitazama goti kweli, kiraka na yote, akalitazama muda. Kisha akasema mwenye nyumba kasema, tusikilize muziki.

Fundi alibaki amesimama pale pale, hatua tatu kutoka benchi.

Alikuwa amekwisha kuusikia wimbo ule mara nyingi wiki ile, lakini kwa masikio ya mtu anayefanya jambo jingine. Leo aliusikiliza kwa miguu. Bega likapanda, na kabla halijashuka mguu wa kijana ulikuwa umekwisha kutuma hewa, kiasi kile kile, si zaidi. Pa upole alikanyaga kama anayepita chumbani mwa mtoto aliyelala. Mwisho wa mstari Chiriku aliinua mikono na mguu haukusimama. Ulibaki ukipumua chini, taratibu, ukimngoja. Na ukurasa wa pili hakukimbia. Fundi aliona kazi ya mguu na akaitambua, maana hakuna aliyeijua kazi hiyo kuliko yeye, akajua kwamba miaka yake ishirini yote haikumfikisha hapo. Alijivunia binti yake, jambo alilolitarajia. Kwamba angemjivunia na yule kijana vile vile, hakulitarajia, akatafuta leso yake akaikosa.

Wimbo ulipokwisha bwana mwenye upara aliinama tena, akaitazama ile miguu. Halafu akamuuliza Mapafu, si Chiriku, kama anaweza kuukanyaga tena ule mstari wa mwisho, apate tu kusikia.

Jumapili Fundi alituma mtoto wa jirani kwa fundi baiskeli: mwambie kijana anaitwa kula. Akaja na suruali ileile.

Barua ilifika wiki ya nne. Chiriku aliisoma kwa sauti, Bibi akiwa kitandani, Fundi kwenye cherehani, Mapafu amesimama mlangoni kwa sababu bado aliona haya kukaa. Nafasi alikuwa ameipata. Bibi akapiga kigelegele kimoja, kikamtosha kifua. Chuo kilikuwa upande wa pili wa mji, bweni lilikuwepo, angeanza mwezi ujao. Kisha Chiriku akafika aya ya mwisho, na sauti yake ikapungua. Mtahiniwa hatahitaji kuja na msaidizi, ilisema barua, kwa kuwa vinanda vyote vya chuo vinaendeshwa kwa umeme.

Alikunja karatasi, akaikunjua, akaikunja tena. Cherehani ya Fundi ilikuwa imesimama. Hakutaka kutazama miguu ya yule kijana, akajikuta anaitazama. Bibi alinung'unika kwamba huo umeme wenyewe hauna hata adabu ya kuamkia watu.

Mapafu alijikuna shingo. Alitazama sakafu, kisha akamtazama Chiriku, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza mbele ya mama yake.

"Jumamosi nitakuwa nakuja na baiskeli," alisema. "Kama hakikanyagwi, basi nitakaa tu."

Uso wa Chiriku ulijibu, na Bibi akageukia ukuta ili aone haya kwa niaba ya wote.

Wiki hiyo Fundi alikata gauni la chuoni, kitambaa kizuri alichokuwa amekificha kwa siku kama hiyo. Alishona mikono, akashona ukosi, akapiga pindo. Alipofika ubavu wa kushoto alisimama. Akachukua kipande kilichobaki, akakipima kutoka kiunoni hadi chini ya nyonga, akakilaza kwa ndani, akakishona mara mbili.

Chiriku alipolijaribu aligeuka huku na huku, akajipapasa.

"Mama, mbona upande huu mzito?"

"Ndio unaolika," Fundi alisema, akakata uzi kwa meno.